Kwa nini kompyuta hukosea pale h inapokuwa ndogo mno

Kijana mmoja wa kidato cha sita, mchepuo wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), aliniandikia kuuliza jambo ambalo daftari lake la kalkulasi halikumjibu. Amefundishwa kwamba derivativu ya f(x), yaani mteremko wa mchoro wake mahali fulani, ni kikomo cha [f(x + h) − f(x)] / h wakati h inapokaribia sifuri. Kwa kuwa nyumbani kwao ipo kompyuta ya zamani ambayo yeye huifungua na kuifunga apendavyo, aliweka lugha ya programu ya Python ndani yake ili aihakiki kanuni hiyo kwa namba badala ya kuikariri. Alichagua f(x) = x² pale ambapo x ni 1, kwa sababu jibu lake linajulikana kuwa 2, kisha akaanza kuipunguza h hatua kwa hatua.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda kama alivyofundishwa. H ilipokuwa 0.1 alipata 2.1, ilipokuwa 0.01 alipata 2.01, pamoja na tarakimu chache za ajabu mwishoni kabisa. Na ilipofika 10⁻⁸ alipata 1.999999987845, ambayo ni karibu sana na 2. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Kwa 10⁻¹² jibu lilikuwa 2.000177801, kwa 10⁻¹⁵ likawa 2.220446049, na kwa 10⁻¹⁶ likawa sifuri kavu. Aliuliza kwa adabu: "Shikamoo mwalimu. Ikiwa h inakaribia sifuri, mbona jibu linazidi kwenda mbali na 2?"

Mimi hufundisha namna ya kukokotoa kwa kompyuta mambo ambayo hisabati huyaeleza kwa vikomo, na swali hili nalipenda kuliko mengi ninayoulizwa, kwa sababu kijana hakukosea popote katika programu yake. Alichokutana nacho ni namna kompyuta inavyohifadhi namba. Karibu kompyuta zote za leo hufuata kiwango cha IEEE 754 kilichopitishwa mwaka 1985, ambacho William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa mhusika wake mkuu. Kwa kiwango hicho, namba ya kawaida ya desimali katika Python hupewa biti 64, yaani nafasi 64 za 0 au 1: moja ya alama ya kujumlisha au kutoa, 11 za kipeo, na 52 za tarakimu zenyewe. Kutokana na biti hizo 52, namba inayofuata mara baada ya 1 ni 1 + 2⁻⁵², na pengo hilo ni takribani 2.22 × 10⁻¹⁶. Ni kama vipandio vya ngazi: mguu hukanyaga kipandio hiki au kile, wala hauwezi kusimama hewani katikati yake.

Sasa tuifuatilie h ya 10⁻¹⁵ kwa mkono, maana hesabu yake ni fupi na inaonyesha kila kitu. Ukigawanya 10⁻¹⁵ kwa pengo letu unapata takribani 4.5036, yaani 1 + h huangukia katikati ya kipandio cha nne na cha tano, ikikielekea cha tano kidogo zaidi. Kompyuta huichukua namba iliyo karibu zaidi, hivyo inahifadhi 1 na mapengo matano. Kipeo cha pili cha namba hiyo ni 1 na mapengo kumi, ukiacha masalia madogo mno yasiyoweza kuandikika. Ukitoa 1 unabaki na mapengo kumi, ambayo ni 2.220446 × 10⁻¹⁵, na ukigawanya kwa 10⁻¹⁵ unapata jibu lilelile lililomshangaza kijana. Kwa 10⁻¹⁶ hali ni mbaya zaidi, kwani kiasi hicho hakifiki hata nusu ya pengo moja. 1 + h inahifadhiwa kama 1, na tofauti inakuwa sifuri.

Watu wengi husema kwamba kosa limetokana na kutoa namba mbili zinazokaribiana. Usemi huo haujakamilika. Katika mfano wetu, kutoa hakukuleta kosa lolote: mapengo kumi yalitolewa sawasawa kabisa. Kosa lilikwisha kuingia pale 1 + h ilipokadiriwa, likawa dogo lisiloonekana kando ya ile 1. Kutoa kuliiondoa 1 na kuliacha kosa wazi, na kugawanya kwa h kukalikuza.

Kwa hiyo kuna makosa mawili yanayovutana. La kwanza ni la kalkulasi yenyewe: mstari unaounganisha nukta mbili za mchoro si mstari unaougusa, na tofauti ya miteremko yao hupungua kadiri h inavyopungua. La pili ni la ukadiriaji, nalo huongezeka kwa kadiri ya 2⁻⁵² kugawanywa kwa h. Mahali yanapolingana ni karibu na kipeuo cha pili cha 2⁻⁵², yaani takribani 1.5 × 10⁻⁸, na ndiyo maana majaribio yake yalikuwa mazuri kuliko yote pale h ilipokuwa 10⁻⁸.

Nilimwomba arudie jaribio kwa kutumia h ambazo ni vipeo vya 2 badala ya vipeo vya 10. Kwa h = 2⁻²⁷, kompyuta inatoa 2 kamili, bila hata chembe ya kosa, na inaendelea kutoa 2 kamili hadi h = 2⁻⁵². Kisha kwa 2⁻⁵³ jibu linaanguka ghafla na kuwa sifuri. Sababu ni kwamba vipeo vya 2 vinakaa sawasawa juu ya vipandio, ilhali 10⁻¹⁵ haikai. Na ile h² iliyomo katika (1 + h)² = 1 + 2h + h², ambayo ingeleta kosa la kalkulasi, ni ndogo mno kuhifadhiwa, hivyo inatupwa kwa manufaa yetu. Nilimwonya asiufurahie sana ukamilifu huo, kwa kuwa unatokana na x² na ile 1. Akiweka sini mahali pa x², hautarudi.

Kabla ya kuniandikia alikuwa amefanya jambo ambalo fundi yeyote chipukizi angelifanya: aliongeza RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), akaondoa mfumo endeshi wa biti 32 na kuweka wa biti 64, akitarajia kupata tarakimu nyingi zaidi. Hakuna kilichobadilika, na hakikupaswa kubadilika. Biti 64 za mfumo endeshi zinahusu hasa anwani za kumbukumbu, ndiyo maana mfumo wa biti 32 kwa kawaida hushindwa kutumia zaidi ya GB 4 kwa urahisi. Desimali za Python zilikuwa za biti 64 tangu zamani katika mifumo yote miwili. (Asijaribu jambo hili kwenye lahajedwali, kwani Excel na LibreOffice Calc katika hali fulani hugeuza tofauti ndogo sana kuwa sifuri bila kumwambia mtumiaji.)

Tarakimu zaidi hupatikana kwa programu. Moduli ya Python iitwayo decimal inaweza kuwekwa itumie tarakimu 50, na hapo h ya 10⁻²⁰ inatoa 2.00000000000000000001, kama kanuni inavyodai. Lakini ukiweka 10⁻⁵⁰, 1 + h inahitaji tarakimu 51, na sifuri inarudi. Ukingo umesogezwa tu. Kikomo cha kalkulasi kinahitaji kwamba kati ya namba mbili zozote ziwepo nyingine, na hakuna mashine yenye vipandio inayoweza kutimiza sharti hilo. Mwaka 1734 mwanafalsafa George Berkeley alilalamika kwamba wanahisabati huichukulia h kuwa si sifuri wanapogawanya, kisha huifanya sifuri wanapotaka jibu. Jibu la wanahisabati Cauchy na Weierstrass katika karne ya 19 lilikuwa kwamba h haifanywi sifuri kamwe. Kinachodaiwa ni kwamba, kwa kosa lolote utakaloruhusu, kila h isiyo sifuri iliyo ndogo vya kutosha hutoa jibu lisilozidi kosa hilo. Kompyuta inaweza kutimiza dai hilo kwa makosa makubwa kiasi tu.

Kwa kazi zake za shule nilimshauri atumie [f(x + h) − f(x − h)] / 2h. Kwa x³ pale x = 1 na h = 0.01, njia ya kwanza inatoa 3.0301 na hii inatoa 3.0001, na kwa mifano ya kawaida h ya karibu 10⁻⁵ inafaa. Kwa kuwa anazifahamu namba changamano, zile zenye i ambayo i² ni −1, nilimpa pia njia ambayo haina kutoa hata kidogo: akokotoe f(1 + ih), achukue sehemu ya kudhania, kisha aigawanye kwa h. Kwa x³, hata h ikiwa 10⁻²⁰, jibu ni 3. Aifumbue (1 + ih)³ kwenye karatasi, aone kwa nini 1 na h hazikutani tena katika kujumlisha.