Dupliketi ni nini? Briji ambayo garasa si kisingizio

Mtu akishindwa karata barazani, neno la kwanza kumtoka ni garasa. "Leo nimelamba magarasa matupu," anasema, na wenzake wanamkubalia, maana karata zake wameziona. Aliyelamba dume ameshinda, aliyelamba garasa ameshindwa, kesho mambo huenda yakageuka. Msemo huu umetoka mezani ukaingia mitaani: aliyepata kazi nzuri kalamba dume, aliyenunua simu mbovu kalamba garasa.

Klabu za briji zimepata njia ya kulifanya neno hilo lisiwe na kazi. Njia hiyo inaitwa dupliketi, na kwangu mimi ndiyo sababu kubwa ya mtu kuingia klabu badala ya kucheza nyumbani tu. Kwa maneno machache, dupliketi ni utaratibu wa kucheza karata zilezile kwenye kila meza, kisha kulinganisha matokeo yako na ya waliokaa upande kama wako wakiwa na karata kama zako. Hulinganishwi na waliokuwa na karata nzuri kuliko wewe. Unalinganishwa na waliolamba magarasa yaleyale.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Briji huchezwa na watu 4, wawili wawili, kila mtu akiwa ameketi uso kwa uso na mwenzake, kama kwenye wahedi wa sitini. Wanaitwa kwa pande za dunia: Kaskazini na Kusini ni wenza, Mashariki na Magharibi ni wenza. Karata 52 zinagawanywa zote, 13 kwa kila mtu. Majina ya mafungu tunayo siku nyingi: shupaza, kopa, uru na pau, ambayo mabaharia wa Kireno waliyaacha pwani yetu pamoja na neno turufu. Kila mmoja anatoa karata moja, mwenye kubwa anazila karata hizo nne kama mzunguko mmoja, na mizunguko yote ni 13.

Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila upande unatangaza utakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa fungu gani, au hakuna turufu kabisa. Hesabu inaanzia juu ya 6, kwa hiyo anayesema "shupaza 4" ameahidi mizunguko 10. Atakayetangaza juu zaidi amepata mkataba. Mmoja wa upande huo anaucheza, na karata za mwenzake zinalazwa mezani wazi, kila mtu anaziona. Namna hii ya kuhesabu mkataba, yenye zawadi kubwa kwa anayetangaza juu na akatimiza, aliipanga Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925 akiwa safarini melini. Kabla ya hapo kulikuwa na aina nyingine za briji, na nyuma yake mchezo wa wisti.

Wazo la dupliketi lilianza kwenye wisti hiyo. Mwaka 1857, mjini London, Henry Jones, aliyeandika kwa jina la Cavendish, alitaka kujua kama ufundi una uzito wowote kwenye mchezo ambao karata zinagawanywa kwa bahati. Waliketi kwenye meza mbili, karata zilezile zikachezwa kote, mafundi wakiwa na karata za upande mmoja huku na za upande wa pili kule. Mafundi wakatoka mbele. Mwishoni mwa karne hiyo Mmarekani John T. Mitchell akatengeneza mpangilio wa kuhamisha watu na karata ukumbi mzima, na hadi leo klabu nyingi zinatumia mpangilio huo kwa jina lake.

Kinachowezesha haya yote ni kifaa kidogo kinachoitwa bodi: sahani nyembamba ya plastiki yenye mifuko minne, mmoja kwa kila upande wa dunia. Juu yake pameandikwa namba, nani anaanza mnada, na upande gani uko hatarini, yaani utaadhibiwa zaidi ukishindwa na kuzawadiwa zaidi ukishinda. Unatoa karata zako mfukoni, unazihesabu kama ni 13, unacheza. Hapa ndipo mtu aliyezoea baraza anapokosea siku ya kwanza, kwa sababu karata hairushwi katikati ya meza. Unaiweka mbele yako. Mzunguko ukiisha unaigeuza kifudifudi: imesimama kumwelekea mwenzako kama mmeula, imelala kama mmeupoteza. Mwisho wa yote karata zako 13 bado ziko mbele yako, unazirudisha mfukoni, na bodi inakwenda meza ya pili ikiwa vilevile ilivyokuja.

Katika mpangilio wa Mitchell, Kaskazini na Kusini wanabaki mahali pao usiku kucha. Mashariki na Magharibi wanahamia meza inayofuata, na bodi zinakwenda kinyume chao. Meza zikiwa 7 na kila raundi ikiwa na bodi 3, baada ya raundi 7 mmecheza bodi 21, na kila bodi imechezwa mara 7. Idadi ya meza ikigawanyika kwa mbili, bodi zinaanza kugongana na watu waliokwisha kuzicheza, kwa hiyo msimamizi mara nyingi huwarusha wachezaji meza moja katikati ya usiku.

Nieleze kwa bodi moja ambayo sijaisahau. Nilikuwa mwanafunzi bado, katika klabu ndogo nchini Uingereza, moja ya zile zinazokutana ukumbi wa kanisa mara moja kwa wiki, chai na biskuti dirishani. Tulikuwa meza 7. Bodi ilikuwa namba 8: Magharibi anaanza, hakuna aliye hatarini. Magharibi alipita. Mimi nilikuwa Kusini, tukafika shupaza 4, mkataba wangu.

Magharibi akaanza na ree ya kopa, akaila. Akafuata na mfalme wa kopa, akaila. Akatoa kopa ya tatu, nikaila kwa malkia. Nikaingia kwenye karata za mezani kwa mfalme wa pau, kisha nikatoa shupaza 9 nikitumaini kwamba mfalme wa shupaza yuko Mashariki nimtege. Hakuwako. Magharibi akaila kwa mfalme. Mizunguko 3 imepotea, na wa nne ingeuvunja mkataba. Magharibi akarudisha uru ndogo.

Mezani kulikuwa na ree, malkia na 4 ya uru. Mkononi nilikuwa na uru mbili ndogo. Mfalme wa uru akiwa Magharibi, malkia ya mezani itakula, na sina hasara. Akiwa Mashariki, nimekwisha. Nilijiambia ni nusu kwa nusu, nikaweka malkia. Mashariki akaweka mfalme. Nikaandika hasara ya pointi 50.

Sasa tazama matokeo ya meza zote 7 kwa upande wa Kaskazini na Kusini. Meza moja ilicheza 3 bila turufu. Magharibi aliogopa kumpa mwenye mkataba malkia wa kopa, akazikalia kopa zake hadi akachelewa, wakala 10: pointi 430. Meza mbili zilicheza shupaza 4 zikatimiza: 420. Moja ilicheza 3 bila turufu na kula 9: 400. Moja iliishia shupaza 3 kwa woga, ikala 10, lakini zawadi ya mkataba mkubwa ikawapita: 170. Mbili, mimi mmojawapo, zilipoteza 50.

Kwenye dupliketi ya wawili wawili pointi hizo haziongezwi pamoja. Unapata alama 2 kwa kila mmoja uliyemshinda na 1 kwa kila mliyelingana. Wenye 430 waliwashinda sita wote: alama 12. Wenye 420 waliwashinda wanne na kulingana na mmoja: 9 kila mmoja. Mwenye 400 alipata 6, mwenye 170 akapata 4, na sisi wawili tuliovunja mkataba tulipata 1 kila mmoja kwa kulingana. Tofauti ya 420 na 430 ni pointi 10 tu, lakini ilimpa mtu alama 3 zaidi. Ndiyo maana wachezaji wa klabu wanahangaika na mzunguko mmoja wa ziada hadi mgeni anashangaa.

Na upande wa pili wanapata kinyume chake. Mashariki na Magharibi waliokaa mezani kwetu walikuwa na karata dhaifu kuliko zetu, na bado wakachukua alama 11 kati ya 12, kwa sababu wenzao kwenye meza nyingine waliachia zaidi kwa karata zilezile. Mtu anaweza kulamba garasa bodi 21 mfululizo na akaondoka mshindi. Alama huwekwa kwa asilimia mwishoni: 50 ni wastani wa ukumbi, na anayefika 60 ana haki ya kurudi nyumbani akiwa na furaha.

Lakini faida kubwa kwa anayejifunza iko kwenye ile 420. Nyumbani ningesema mfalme wa uru amenionea, basi, tugawe nyingine. Mtu mmoja anaweza kugawiwa karata 13 kwa namna 635,013,559,600, zilizokupita hazirudi. Klabuni zilikuwa bado ziko mfukoni, na kulikuwa na watu wawili waliozicheza wakatimiza. Wakati wa chai nilimwendea mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa akicheza kabla sijazaliwa, nikamuuliza alijuaje. Alichukua bodi, akazilaza karata, akauliza swali moja: "Magharibi alisema nini mwanzoni?"

Alipita. Wachezaji wengi huhesabu nguvu hivi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote pamoja zina 40. Mwenye 12 au 13 kwa kawaida hufungua mnada. Magharibi alikuwa ameshaonyesha ree ya kopa, 4. Mfalme wa kopa, 3. Mfalme wa shupaza, 3. Jumla 10. Angekuwa na mfalme wa uru pia angekuwa na 13, na mtu wa 13 hapiti. Kwa hiyo mfalme wa uru alikuwa Mashariki, na mtego wangu haukuwa nusu kwa nusu hata kidogo. Ulikuwa umeshindwa kabla sijaugusa.

Yule mama aliweka ree, akamaliza turufu za adui, kisha akacheza pau. Pau zetu zilikuwa 7, zao 6. Zikigawanyika tatu kwa tatu, pau ya nne ya mezani inakuwa kubwa, na juu yake unatupa ile uru inayobaki mkononi. Mgawanyiko huo hutokea kama mara 36 katika 100. Si nyingi, lakini ni nyingi mno mbele ya sifuri. Zikagawanyika.

Nimesoma vitabu vya briji tangu wakati huo na vimenisaidia, ila hakuna ukurasa ulionikaa kama bodi ile. Kitabu kinakuonyesha karata za mtu mwingine. Bodi inakuonyesha karata zako, kosa lako, na jirani yako ambaye hakukosea. Siku hizi klabu nyingi hutoa karatasi ya migawo yote mwisho wa usiku, na kila anayeanza ningemshauri aondoke na bodi mbili tu za kutafakari, zile ambazo alama yake iko mbali na ya wengi. Akibeba zote 21 hatakumbuka hata moja.

Ushauri wa pili ni kuhusu wakati wa kuuliza. Bodi ikiisha kuna mwingine anayeisubiri, na ukisema kwa sauti kwamba mfalme wa uru alikuwa Mashariki, meza ya jirani imesikia na bodi imeharibika. Kumkosoa mwenzako mbele ya wageni nako kunaharibu bodi mbili zinazofuata, kwa sababu mtu aliyeaibishwa hahesabu. Nimeona wenza wazuri wakiachana kwa hilo. Wanaodumu wana kawaida ya kunyamaza hadi chai.

Ukimya huo uko hata kwenye mnada. Klabuni hakuna anayetamka. Kila mtu ana kisanduku chenye kadi za mnada, anachomoa kadi na kuiweka mezani, ili sauti isimwambie mwenzake kisichoandikwa. Waliokulia kwenye karata za kukonyezana watapata taabu wiki za mwanzo. Ukisita kidogo au ukivuta pumzi, mwenzako hana ruhusa ya kukitumia alichokisikia, na adui akiona kimetumika atamwita msimamizi. Kumwita msimamizi si ugomvi. Anakuja, anasikiliza, anasoma kanuni, mchezo unaendelea.

Kabla ya kuondoka usiku ule, mwenye hasara mwenzangu wa pointi 50 alikuja kwenye meza ya chai. Naye aliweka malkia. Yule mama akazikusanya karata, akazilaza upya tangu ree ya kopa, na safari hii akatuacha sisi tuhesabu: nne, saba, kumi.