Misitu ya kaya za Mijikenda: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukipita Kwale au Kilifi ukaona kilima kimevikwa miti mirefu, huku chini yake kote ni mashamba ya mahindi, mihogo na minazi, huenda unaitazama kaya, msitu mtakatifu wa Wamijikenda, zile jamii tisa za pwani ya Kenya. Kaya zinazojulikana pwani ya Kenya ni zaidi ya 40, na baadhi yake UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Hata hivyo, maneno yanayosemwa juu ya misitu hii yanasikitisha, tena mengi hutoka kwetu sisi wenyewe tuliozaliwa jirani nayo.

La kwanza ni kwamba kaya ni pori ambalo halijawahi kukaliwa na mtu. Si kweli. Kaya zilikuwa miji. Masimulizi ya wazee yanasema Wamijikenda walishuka kutoka Singwaya, kaskazini, wakifukuzwa na Wagalla (Waoromo), wakajenga juu ya vilima ndani ya msitu mnene. Msitu ndio uliokuwa ukuta wao. Mtu aliingia kwa njia nyembamba zenye malango, na katikati palikuwa na uwanda uliofyekwa, penye nyumba na moro, mahali pa baraza la wazee. Chini ya ardhi ulizikwa fingo, kinga ya mji mzima. Watu walianza kuhama polepole kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 kaya zilikuwa zimebaki na makaburi, ibada na miti. Kwa hiyo huu msitu tunaouona leo ulitunzwa na watu kwa makusudi, kizazi baada ya kizazi, kwa sheria inayokataza hata kuokota tawi kavu. Anayevunja sheria hiyo hutozwa faini ya kuku au mbuzi.

La pili ndilo linaloniuma zaidi: kwamba kaya ni pango la wachawi. Kinachofanyika humo ni matambiko ya kuomba mvua, kuombea wagonjwa na kuweka amani baina ya koo. Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipowakusanya Wagiriama, mojawapo ya jamii za Mijikenda, mwaka 1913 kupinga kodi na kazi za kulazimishwa, watu walikula kiapo kwenye kaya, wanaume kiapo cha fisi na wanawake mukushekushe. Waingereza walielewa vizuri nguvu ya mahali hapo, ndiyo maana Agosti 1914 waliilipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti. Leo, Kilifi na Kwale, wazee wenye mvi wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hiyo kuna ugomvi wa shamba. Anapouawa mzee anayejua mipaka na miiko ya kaya, msitu nao unabaki bila mlinzi.

Wapo pia wanaosema, "Wakikata tutapanda mingine." Miti ipi? Mvinje na mkalitusi hukua haraka, lakini haviwezi kuziba pengo la mvule au mbambakofi wa miaka mingi. Kaya Muhaka, kule Kwale, kuna mti ambao wataalamu huuita Gigasiphon macrosiphon, wenye maua makubwa meupe, na duniani kote umebaki katika sehemu chache mno za Kenya na Tanzania. Ukiukata huo, kitalu cha miche cha hapo mjini hakina wa kukupa badala yake.

Kuhusu sheria: wengi hudhani kaya ikishatangazwa kwenye Gazeti la Serikali basi imesalimika. Kaya zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za kitaifa mwaka 1992, chini ya Makumbusho ya Taifa, na jambo hilo lilisaidia sana, kwa sababu viwanja vya ufuo wa Diani vilikuwa vinaliwa na mahoteli. Lakini tangazo halizuii msumeno usiku. Juu ya Kilima cha Mrima, penye kaya na penye madini ya niobiamu, leseni ya uchimbaji ilitolewa kabla ya kufutwa mwaka 2013. Pale wazee wanaposikilizwa na vijana ndipo miti husimama. Pale kiti chao kilipodharauliwa, tanuri za makaa hazikawii kufika, hati ipo au haipo.

Na vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa? Hivyo vilisimamishwa zaidi kwenye makazi ya watu kuliko ndani ya kaya, kuwakumbuka marehemu wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Vingi viliibwa vikauzwa Marekani, na baadhi vimerudishwa.

La mwisho, eti mgeni haruhusiwi kabisa. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, hupokea wageni. Utafungwa kaniki kiunoni, utaongozwa na mtu wa hapo hapo, na hutatoka hata na jani moja mkononi. Kaya nyingine nyingi hazipokei watalii, na wazee wana haki ya kukataa.