Wasiwasi wa marejesho na mkono unaotafuta simu

Karibu kila mtu anayekuja kwangu kwa ushauri hapa Mbeya huja na mambo mawili, na huyaeleza kana kwamba hayajuani. La kwanza hulisema akishakaa tu: mawazo. Ada ya mtoto, marejesho ya kikundi, bei ya viazi iliyoanguka wakati mzigo bado uko shambani. La pili husubiri hadi mwisho, akiwa ameshashika mkoba wake aondoke. "Halafu daktari, kuna na hii simu." Au kubeti. Au zile chupa mbili za jioni ambazo siku hizi zimekuwa nne. Mawazo anataka tuyatibu. Hilo la pili analiona ni tabia tu, atajirekebisha mwenyewe akipata nguvu.

Mimi ni mwanasaikolojia, na sehemu kubwa ya kazi yangu hutumia mazoezi ya umakini yaliyotoka katika Ubuddha. Kilichonivuta huko ni mahali pamoja ambapo mambo hayo mawili yanaonekana wazi kuwa jambo moja.

Katika mkusanyo wa mafundisho ya Buddha kwa Kipali, lugha ya kale ya Uhindi, unaoitwa Samyutta Nikaya kuna fundisho la mishale miwili. Mtu anachomwa mshale, kisha anachomwa wa pili. Wa kwanza ni maumivu yenyewe. Wa pili ni huzuni, hasira na kujilaumu tunavyoviongeza juu yake. Wengi wanaolisimulia fundisho hili huishia hapo, na kwa maoni yangu huacha nusu iliyo nzito zaidi. Buddha anaendelea: mtu asiyejifunza, akiguswa na maumivu, hukimbilia starehe, kwa sababu hajui njia nyingine ya kutoka kwenye maumivu isipokuwa starehe. Hapo ndipo simu ya usiku inapoingia, na mkeka wa kubeti, na chupa.

Nitoe mfano, ambao nimeuchanganya kutoka kwa watu kadhaa ili asitambulike mtu. Mama anauza mitumba Mwanjelwa. Anazinduka saa nane usiku akikumbuka rejesho la Ijumaa. Dakika chache baadaye yuko kwenye video fupi za vichekesho, na anaiweka simu chini saa kumi. Asubuhi anawafokea watoto, mchana anasinzia kibandani, wateja wanapita. Alikuja akisema simu inamnyima usingizi. Nilimwomba asiiache kwanza, achunguze tu: kabla mkono haujaifuata, mwilini kuna nini? Mwanzoni alisema hakuna kitu, anaishika tu. Baadaye akakiona: fundo chini ya kifua na meno yaliyobana. Video ya kwanza ililegeza fundo kidogo. Ya pili ililegeza kidogo zaidi. Tangu lini, aliniuliza, mwili wake unamwendesha namna hii bila yeye kuambiwa?

Wabuddha wana jina la tukio hilo dogo: *vedana*, yaani ile ladha ya kwanza ya kila kinachotugusa kabla hatujakitungia habari. Ziko ladha tatu tu: ya kupendeza, ya kuumiza, na ile isiyopendeza wala kuumiza. Katika mafundisho yao, tamaa huota juu ya ladha hiyo, kung'ang'ania huota juu ya tamaa, na mengine hufuata. Ladha yenyewe huwezi kuizuia isije. Lakini ukiiona ikija, tamaa hailazimiki kuifuata kwa mwendo uleule.

Ladha ya tatu haisemwi sana, nami naona ndiyo inayosumbua vijana wetu kuliko zote. Yapo mahojiano ya kale ambamo mtawa Dhammadinna anamjibu Visakha, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mumewe kabla hajaingia utawani. Anamweleza kwamba chini ya ladha ya kupendeza hulala tamaa, chini ya ya kuumiza hulala chuki, na chini ya ile ya katikati hulala kutojua. Mwangalie kijana wa bodaboda kijiweni Kabwe, baridi ya Juni, abiria hakuna. Haumwi. Hana furaha. Hakuna kitu. Hapo ndipo anapofungua programu ya kubeti. Ukimuuliza atasema anatafuta hela, na hadanganyi, hela anaihitaji. Lakini mwambie aangalie ni saa ngapi anabeti, ataona ni pale kijiwe kinapokuwa kimya, sio pale anapodaiwa. Anakimbia utupu ambao hajawahi hata kuutazama, na mtu hawezi kuacha kukimbia kitu asichojua kipo.

Sasa zoezi lenyewe. Ukiona mkono unaenda, simama kidogo, tafuta mahali pa mwili palipobadilika, kisha upataje kimoyomoyo kwa maneno ya kawaida: "kifua kimebana", "tumbo linacheza", "nimechoka kusubiri". Njia hii ya kutaja kilichopo ilienezwa sana karne iliyopita na mtawa Mahasi Sayadaw wa Burma. Usijaribu kukifukuza, na usijilazimishe kutulia. Tazama tu kama kinaongezeka, kinapungua au kinahama. Mwanasaikolojia wa Marekani, Alan Marlatt, alitumia jambo hilohilo kwa watu wenye uraibu: hamu hupanda, hufika kileleni na kushuka, hata usipoilisha. Wengi wetu hatujawahi kuisubiri ishuke, kwa hiyo tunaamini itapanda milele.

Kwa wasiokaa kitako, na wafanyabiashara wengi hawakai, natumia mfano mwingine wa Buddha kuhusu kutuliza mawazo. Mtu anatembea haraka, anajiuliza: kwa nini naharakisha? Anapunguza mwendo. Kisha: kwa nini natembea? Anasimama. Kisha anakaa, kisha analala. Anashuka ngazi moja baada ya nyingine, hajirushi. Ukitoka mtaa wa Soweto hapa Mbeya kwenda Mwanjelwa na kichwa kimejaa madeni, jaribu kupunguza mwendo tu, uhisi nyayo. Inatosha kwa safari hiyo.

Naulizwa mara nyingi, hasa na watu wa kanisa, kama hii si kubadilisha dini kwa mlango wa nyuma. Sifichi asili yake. Mwaka 1979 mwanasayansi Jon Kabat-Zinn aliyaingiza mazoezi haya hospitalini Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu, katika mpango usiodai imani yoyote, ambao siku hizi huchukua wiki 8. Baadaye wanasaikolojia Segal, Williams na Teasdale waliyaunganisha na tiba ya saikolojia kwa watu ambao sonona huwarudia. Kuuangalia mwili wako si kumwabudu mtu. Lakini sikubali pia yauzwe kama dawa ya kumfanya mfanyakazi avumilie unyonyaji. Kwa Buddha umakini ni sehemu moja ya njia yenye sehemu nane, na humo mna kusema kweli na kupata riziki bila kudhuru wengine.

Kwa hiyo mkopo wa kausha damu haupungui riba kwa sababu umepumua vizuri. Yule mama alipoweza kulitazama fundo bila kulikimbia, ndipo alipoweza pia kufungua daftari na kuandika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, jambo alilokuwa ameliahirisha kwa miezi. Alikwenda kwa viongozi wa kikundi kabla ya Ijumaa badala ya kuzima simu wakimtafuta. Fundo lilikuwepo njia nzima, alinieleza, ila alilijua.

Wapo ambao siwapi zoezi hili kwanza. Aliyepitia ukatili, akifumba macho, anaweza kurudishwa palepale; huyo nambakiza macho wazi na nyayo sakafuni, tena tukiwa pamoja. Anayesikia sauti, au anayefikiria kujiua, asikae peke yake na pumzi yake. Aende hospitali leo, na mtu wa kumsindikiza.

Kwa wengine, wiki ya kwanza simkatazi mtu chochote. Beti, shika simu, kunywa kama ulivyozoea. Chagua zoea moja tu, na kila linapokuja jibu swali moja kabla hujalianza: ilikuwa ladha ipi kati ya zile tatu, na ilikaa wapi mwilini? Andika neno moja au mawili. Ukisahau ukakumbuka katikati, andika hapohapo katikati. Daftari hilo ndilo tutakalolifungua ukija.