Maoni yako kuhusu tovuti tunayasoma, ila tuandikie yanayosaidia

Jamani, kile kiboksi cha "Je, ukurasa huu umekusaidia?" kilichopo chini ya kurasa za tovuti yetu ya huduma za umma si pambo. Kuna watu wanasoma, mimi mmojawapo, na kampeni hii ya kukusanya maoni tumeianzisha kwa sababu malalamiko yameongezeka halafu mengi hatujui tuyafanyie nini. Mtu anaandika "haifunguki". Basi, kamaliza. Kipi hakifunguki, fomu, risiti, kitufe cha kutuma? Mwingine anaandika "tovuti mbovu mnakula kodi zetu tu", na hasira yake naielewa, ila fundi akiisoma hajui aanzie wapi.

Linganisha na huyu: "Natumia simu, nimejaza fomu mpaka mwisho, nikipakia cheti inarudi mwanzo na vyote nilivyojaza vimefutika." Fundi alijaribu kwa simu yake, akakuta picha ya kamera ni nzito, ina megabaiti nyingi, na mfumo unakubali mwisho megabaiti 2, na hiyo 2 haikuandikwa popote. Kosa letu hilo, nasema wazi. Sasa imeandikwa juu ya kitufe na fomu haifutiki tena. Waliokwama kabla yake walifunga tu wakaenda kupanga foleni dirishani, sisi tukadhani kila kitu kiko sawa.

Kwa hiyo andika ulitaka kufanya nini, ulifika hatua gani, ukaona nini, na kwa kifaa gani. Ukiona namba ya kosa itaje. 404 maana yake hiyo anwani haina ukurasa, na 500 maana yake seva yetu, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, imegoma, kwa hiyo usihangaike kuongeza bando, halihusiki. Ukituma skrinishoti ziba kwanza namba ya kitambulisho, na pasiwedi usimwandikie mtu yeyote, hata sisi.

Maoni yakishaingia yanapewa namba ya kumbukumbu, kisha yanachambuliwa. Hitilafu zinaenda kwa mafundi. Makosa ya maelezo yanaenda kwa idara yenye ukurasa, nayo lazima ithibitishe kwa maandishi kabla hatujagusa hata koma, maana tukikosea tarehe ya mwisho ya kulipia leseni mwananchi ndiye anapigwa faini, ndiyo sababu jambo linaloonekana la dakika tano linaweza kukaa siku kadhaa. Mfanyakazi anayevujisha taarifa za mtoa maoni anachukuliwa hatua za nidhamu, na penye sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi anaweza kujibu pia kisheria.

Na hili nimelirudia mpaka nimechoka: kiboksi cha maoni SI sehemu ya kufuatilia ombi lako. Anayesoma maoni haoni maombi, mifumo ni miwili tofauti. Hapo hapo ndipo unapokufa ule uvumi kwamba ukilalamika faili lako linawekwa chini kabisa. Halionekani, litawekwaje chini?

Kuna wanaodhani kuipa tovuti nyota, nyingi au chache, ndiko kunakotusaidia. Nyota chache zinaonyesha watu wamekasirika, hazisemi wamekasirikia nini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya tovuti ziwe rahisi kutumia, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwaangalia watumiaji 5 tu wakifanya kazi moja kwenye tovuti utaona kama asilimia 85 ya matatizo yake, ndiyo maana tunaita watu wachache wachache waijaribu tovuti mbele yetu, tunarekebisha, tunaita wengine. Na hatukupimi wewe, tunajipima sisi. Mzee mmoja tulimwomba atafute namna ya kubadilisha jina la mmiliki wa gari, akaandika kwenye kisanduku cha kutafuta "nimeuza gari". Matokeo sifuri. Akajaribu "gari si langu tena". Sifuri. Akatugeukia akauliza kama amekosea kuandika. Ukurasa ulikuwepo, ila sisi tuliuita "Uhamisho wa Umiliki wa Chombo cha Moto", na chumba kizima tukaangalia chini. Sasa hivi ukiandika "nimeuza gari" unaletewa.

Ukiitwa kushiriki zoezi kama hilo, njoo na simu yako ile ile unayotumia kila siku, hata kama kioo kimepasuka. Kushiriki ni bure, na atakayekupigia akikuomba hela au pasiwedi ili "akusajili" si sisi, kata simu.