Kisukari na mishipa ya fahamu ya moyo

Swali: Daktari, nina miaka 58, naishi Ngamiani, Tanga. Kisukari ninacho miaka mingi. Siku hizi nikiinuka kwenye sujudu alfajiri naona giza, mpaka nishike ukuta. Ni presha?

Jibu: Huenda ni presha, mama, ila inayoshuka. Mtu akisimama damu huelekea miguuni, na mishipa ya fahamu huibana mishipa ya damu upesi ili ubongo usikose damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi huiharibu mishipa hiyo ya fahamu, pamoja na ile inayouongoza moyo. Dawa za presha au upungufu wa maji navyo huleta hali hiyo, kwa hiyo upimwe. Dawa usiache mwenyewe. Ukienda hospitali ya Bombo au kituo chochote, omba upimwe presha ukiwa umelala, kisha tena ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, hapo pana tatizo. Wengi tunawapima wameketi tu, na kwa kuketi halionekani.

Swali: Dalili nyingine ni zipi?

Jibu: Moyo kwenda mbio hata umepumzika, zaidi ya mapigo 100 kwa dakika, na kuchoka haraka. Ninaloliogopa zaidi ni shambulio la moyo lisilouma, kwa sababu mishipa ya kuleta maumivu imeshaharibika. Pumzi ikikukata ghafla, ukitoka jasho jembamba la baridi, ukasikia kichefuchefu, usiseme tu "sukari imeshuka" ukanywa chai ukalala. Kama mashine ya kupimia sukari ipo karibu, pima. Sukari ikiwa haijashuka, au huna mashine, nenda hospitali saa ile ile.

Swali: Mjukuu wangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Naye?

Jibu: Naye pia, ila kwake kuna nafasi kubwa ya kukinga. Uchunguzi wa mishipa hii ya fahamu kwa kawaida huanza miaka 5 baada ya kugunduliwa. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliomalizika 1993 ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari vizuri kwa insulini mapema huilinda mishipa. Aina ya pili, kama yako, huweza kujificha miaka, ndiyo maana uchunguzi huanza siku ile ile ya kugunduliwa. Na sukari peke yake haitoshi: presha, mafuta kwenye damu, uzito na sigara navyo vishughulikiwe.

Swali: Kipimo cha moyo kinauma?

Jibu: Hakiumi. Unalala, unabandikwa nyaya, unavuta pumzi ndefu taratibu. Moyo wenye afya huharakisha ukivuta, hupunguza ukitoa. Uliopoteza mishipa yake ya fahamu hupiga vile vile tu.