Mtoto kazaliwa, baba yuko benchi: maswali ya saa 24 za kwanza wodini

Mimi ni muuguzi mkunga, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita leba na wodi ya wazazi jijini Dar es Salaam. Maswali haya niliulizwa na mume na mke waliopata mtoto wao wa kwanza, binti wa kilo 3.1, aliyezaliwa kwa njia ya kawaida saa 10 alfajiri. Baba alikuwa nje kwenye benchi tangu saa 4 usiku, miguuni ana beseni na mfuko wa khanga, na maswali yake alikuwa ameyaandika kwenye simu asije akayasahau. Mengine ni ya mama. Mawili matatu ni ya bibi mzaa baba, yaliyofika kwa kupigiwa simu. Siku ile nilijibu mbiombio, hapa nimejibu kwa kutulia.

Baba: Nilimsikia mtoto analia, halafu kimya. Hakuna aliyetoka kuniambia kitu kwa muda mrefu. Mlikuwa mnamfanya nini?

Pole kwanza. Wodi nyingi hazina hata mapazia ya kutenganisha vitanda, ndiyo maana baba anaachwa nje. Lakini kumwachia mtu kilio kimoja kisha ukimya si haki, na hilo ni kosa letu. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito awe na mtu wake wa karibu anayemchagua mwenyewe wakati wa uchungu. Penye nafasi, mtu huyo anaweza kuwa mume.

Sasa, kilichokuwa kinaendelea. Mtoto akitoka tunamfuta papo hapo kwa khanga kavu, kichwa, mgongo, miguu. Ile iliyolowa inawekwa pembeni, mtoto analazwa kifuani kwa mama bila nguo, ngozi kwa ngozi, anafunikwa khanga ya pili na kuvishwa kofia. Ndiyo maana tuliwaambia mje na khanga za kutosha na ziwe zimefuliwa. Kitovu hatukikati kwa haraka. Tunasubiri kati ya dakika 1 na 3, kwa sababu damu bado inatoka kwenye kondo kwenda kwa mtoto, na damu hiyo ndiyo akiba yake ya madini ya chuma kwa miezi ya mbele. Katika muda huohuo mama anachomwa sindano ya oksitosini, uniti 10, ili mfuko wa uzazi ujikaze na asivuje damu nyingi. Kondo likitoka tunalikagua kama limetoka lote.

Mkeo alikusimulia kwamba alinisikia nikisema "nane", baadaye "tisa", akadhani nataja uzito, akashtuka! Zile ni alama za Apgar. Zilibuniwa mwaka 1952 na Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani. Tunaangalia mambo matano: rangi ya mtoto, mapigo ya moyo, anavyoitikia akiguswa, viungo vimelegea au vimejikunja, na anavyopumua. Kila moja lina alama 0 hadi 2, na tunahesabu dakika ya kwanza kisha dakika ya tano. Kuanzia 7 tunapumua. Alama hizi zinatuambia kama mtoto anahitaji msaada wakati ule, basi. Hazisemi lolote kuhusu akili yake, kwa hiyo msizilinganishe na za mtoto wa jirani.

Mama: Alikuwa na utando mweupe mwili mzima. Niliona aibu. Kwa nini hamkumwogesha?

Najua aibu hiyo inatoka wapi, maana naisikia kila wiki: eti utando ule ni manii, mama hakujizuia na mumewe mimba ilipokuwa kubwa. Si kweli. Utando huo hutengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe akiwa tumboni, kumkinga asilowe maji miezi yote ile. Mtoto wa mama ambaye mumewe yuko safarini mwaka mzima huzaliwa nao vilevile.

Hatukumwogesha kwa sababu mtoto mchanga hupoa upesi mno. Ametoka kwenye joto la tumbo, amelowa, na hana mafuta ya kutosha mwilini. Hata Dar es Salaam hii ya kutoa jasho usiku, mtoto aliyeogeshwa mapema anaweza kushuka chini ya nyuzi 36.5, na mtoto aliyepoa hanyonyi vizuri. Bafu la kwanza lisubiri angalau saa 24. Tukiona damu au uchafu tunapangusa tu. Ukitaka kujua kama ana baridi, mshike miguu kisha mshike tumbo. Miguu ikiwa baridi kuliko tumbo, mrudishe kifuani.

Mama: Maziwa hayatoki. Mama mkwe anasema tumpe maji ya glukosi wakati tunasubiri.

Yanatoka. Hujayatambua tu, kwa sababu unasubiri maziwa meupe ya kumwagika. Siku ya kwanza titi hutoa dang'a, maziwa mazito ya njano, kidogo kidogo, na tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo. Vijiko vichache vya chai kwa siku nzima vinamtosha. Zamani kuna waliokamua dang'a na kuimwaga wakisema ni maziwa machafu. Kumbe walikuwa wanamwaga kinga, maana dang'a imejaa chembe za kumlinda mtoto na maradhi. Maziwa mengi huja siku ya pili hadi ya nne, na yanaitwa na mtoto mwenyewe anavyonyonya. Ukimpa glukosi anashiba, analala, titi halinyonywi, maziwa yanachelewa, halafu mnasema mama hana maziwa.

Mwanzishe ndani ya saa ya kwanza, kisha mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Nilikuonyesha pale kitandani: usiweke chuchu peke yake mdomoni. Subiri afungue mdomo kama anayepiga miayo, umlete yeye kwenye titi, kidevu kiguse titi, na sehemu kubwa ya duara jeusi la titi, hasa upande wa chini, iingie mdomoni. Ukisikia maumivu makali, ingiza kidole kidogo pembeni mwa mdomo wake umwachanishe, uanze upya. Ulipofanya hivyo mara ya tatu ndipo tukasikia anameza.

Hesabu mkojo. Siku ya kwanza nepi moja inatosha, na kufika siku ya tano ziwe sita au zaidi kwa siku. Choo cha kwanza ni cheusi na kinanata kama lami, kitageuka kijani kisha njano. Uzito utapungua kidogo siku za mwanzo na kurudi ndani ya wiki mbili.

Baba: Nataka kumwadhinia binti yangu. Na tende je?

Adhana msomee, hata akiwa kifuani kwa mama yake. Nilikuruhusu uingie dakika chache kwa ajili hiyo, na alinyamaza akakutazama. Mtoto mchanga huona vizuri kitu kilicho karibu, umbali kama wa uso wa anayembeba. Kuhusu tahniki, yaani kumlambisha mtoto mchanga tende iliyotafunwa, mimi si shehe. Kiafya ushauri wetu ni kwamba mdomoni kisiingie kitu zaidi ya maziwa ya mama kwa miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Asali msimpe kabisa kabla ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo mtu mzima havimdhuru lakini sumu yake humlegeza mtoto mchanga hata ashindwe kupumua.

Bibi, kwa simu: Kitovu mnakipaka nini?

Shikamoo bibi. Hatupaki kitu. Si mafuta ya nazi, si majivu, si poda, si mate, wala samadi, ambayo ndiyo njia rahisi ya kumletea mtoto pepopunda. Kikae kikavu, nepi ifungwe chini yake, na anayekigusa anawe kwa sabuni. Kitadondoka chenyewe, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 15. Kikinuka, kikitoa usaha, au ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu na kuvimba, mleteni.

(Wenye watoto wa kiume husumbuka zaidi, kwa hofu kwamba kitovu kikidondokea uume mtoto atakuwa hanithi. Hakuna uhusiano wowote, lakini nimemwona mama akikesha ameshika nepi kwa mkono kwa sababu ya hofu hiyo.)

Baba: Kichwa kimekuwa kirefu, matiti yamevimba, matakoni ana alama kama kapigwa. Na kwenye nepi kuna tone la damu. Mbona hamjasema kitu?

Hili swali lilikuja na hasira kidogo, na lilistahili. Tulipaswa kuwaeleza kabla hamjayaona wenyewe.

Kichwa kimejibana kupita njiani, na mifupa yake imeumbwa iweze kusogeleana. Kitarudi chenyewe siku chache zijazo, bila kukandwa wala kufinyangwa. Matiti na lile tone la damu vinatokana na homoni za mama zilizobaki mwilini mwa mtoto, na vitaisha. Ila msikubali mtu ayakamue matiti yake, hata akisema ndivyo walivyofanyiwa wote ukoo mzima. Yakikamuliwa yanaweza kupata jipu. Baka la bluu matakoni ni rangi ya ngozi, watoto wengi wa Kiafrika wanazaliwa nalo na hufifia wanavyokua.

Mama: Sindano zile ni za nini?

Ya pajani ni vitamini K, ya kuzuia kuvuja damu ndani kwa ndani. Ya bega la kulia ni BCG, ya kinga ya kifua kikuu. Baada ya wiki chache patavimba, pengine patoe kidonda kidogo na kubaki kovu. Msipapake kitu. Matone mawili mdomoni ni ya polio. Chanjo zinazofuata ni akitimiza wiki 6.

Mama: Nikifika nyumbani nitakandwa. Kuna ubaya?

Hapa nitakaa kidogo, maana mtoto akishazaliwa kila mtu anamtazama yeye, na mama anasahaulika.

Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na mtoto anaponyonya unajikaza zaidi. Yale maumivu ya tumbo unayoyasikia akinyonya ndiyo hayo. Maji ya moto hayaongezi kitu. Nimepokea mama aliyeungua ngozi ya tumbo, na mwingine aliyeshonwa ambaye nyuzi zilifumuka baada ya kukalishwa kwenye beseni la maji ya moto. Kuoga maji ya uvuguvugu ni raha, oga. Kupakwa mafuta miguu na mgongo na mama zako, hiyo ni huduma nzuri. Tumbo na ukeni waache.

Cha kuangalia ni damu. Saa za mwanzo itoke kama hedhi nzito kisha ipungue. Pedi mbili zikilowa chapa ndani ya nusu saa, au ukitoa mabonge makubwa, au ukasikia kizunguzungu na moyo kwenda mbio, mwite muuguzi kwa sauti, usione haya. Ukiwa nyumbani, usisubiri kupambazuke. Kuumwa kichwa kikali na kuona ukungu nako ni kurudi hospitali, kwa sababu shinikizo la damu linaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Na ukijikuta unalia ovyo siku ya tatu au ya nne, wengi wanapitia hapo na huisha. Kilio kikiendelea wiki mbili, au ukahisi humtaki mtoto, tuambie. Si deko.

Baba: Mbona mmewaweka hadi kesho, na wote wazima?

Kwa sababu hatari nyingi hujitokeza saa 24 za mwanzo. Baadaye mtarudi kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6. Katikati hapo msisubiri tarehe mkiona mtoto amegoma kunyonya, amelegea, ana degedege, joto limefika 37.5 au amekuwa wa baridi, au anapumua mara 60 na zaidi kwa dakika akiwa ametulia. Pumzi unahesabu wewe, baba, kwa saa ya simu, ukitazama tumbo likipanda na kushuka dakika nzima. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, ni hospitali moja kwa moja. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni hatari, na yakifika viganjani na nyayoni ni hatari siku yoyote. Kwa ngozi yetu, yatafuteni kwenye weupe wa jicho na kwenye fizi, mchana, karibu na dirisha.

Baba: Kazini wamenipa siku tatu. Nizifanyie nini?

Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inasema angalau siku tatu, ndani ya wiki ya kwanza. Ni chache, kwa hiyo usizimalizie kwenye foleni za pongezi. Fua nepi. Mbebe mtoto mama alale. Mgeni mwenye mafua mwambie aje wiki ijayo, na useme wewe, usimwachie mkeo. Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuombea cheti cha kuzaliwa, lifuatilie kabla hamjatoka, na majina yenu yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, cha NIDA. Jina moja likiandikwa kwa "h" huku na bila "h" kule, mtakuja kuhangaika RITA, kwa wasajili wa vizazi.

Jina la mtoto wenyewe walikuwa hawajakubaliana. Binti aliondoka kwetu asubuhi ya pili akiwa na kipande cha plasta mkononi, kimeandikwa "Mtoto wa" na jina la mama yake, na baba ndiye aliyembeba.