Je, wajua kwa nini kidole ulichojikwaa huuma mara mbili?

Shuka kwenye matatu kwa haraka pale mtaa wa Tom Mboya, Nairobi, kidole gumba cha mguu kigonge ukingo wa barabara. Papo hapo unahisi mgongano na mchomo mkali. Halafu, ukiwa umeshapiga ukelele, maumivu ya pili yanafika: mazito, ya kuwaka, ya kukufanya uchuchumae ukishika mguu. Kidole kimegongwa mara moja tu. Mbona uchungu uje kwa awamu mbili?

Jibu limo katika namna neva zinavyopitisha umeme. Wengi tuliambiwa shuleni kwamba neva ni kama waya wa stima, na kwangu mfano huo hupotosha kuliko unavyosaidia. Habari inayopita kwenye waya wa shaba huenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Neva zetu zenye kasi kubwa kabisa hufikia kama mita 120 kwa sekunde. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima neva ya chura akapata takriban mita 27 kwa sekunde, wakati ambapo hata mwalimu wake, Johannes Müller, aliamini kasi hiyo haiwezi kupimika.

Neva ni ya polepole kwa sababu umeme wake hutokana na chumvi. Ndani ya seli ya neva kumejaa potasiamu, na nje kuna sodiamu nyingi, ile ile iliyomo katika chumvi ya mezani. Mpangilio huo hudumishwa na pampu za protini zilizo kwenye utando wa seli: kila zamu, pampu moja hutoa ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Ni kazi isiyo na mapumziko, na ndiyo mojawapo ya sababu ubongo, wenye takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yetu. Seli ikiwa imetulia, potasiamu kidogo huvuja kwenda nje, na ndani hubaki hasi kwa kama mililivolti 70.

Kidole kinapogongwa, ncha za neva ngozini huminywa, kisha ioni chanya huanza kuingia. Zikiwa chache, hakuna kinachotokea. Lakini uhasi ukipungua hadi kama mililivolti 55, milango maalumu ya sodiamu hufunguka kwa pamoja. Sodiamu humiminika ndani, sehemu ile hugeuka chanya, kisha milango hujifunga na potasiamu hutoka kurudisha hali ya awali. Yote hayo huchukua kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Badiliko hilo huamsha milango ya jirani, nayo huamsha inayofuata. Hakuna ioni hata moja iliyosafiri kutoka kidoleni hadi mgongoni. Kinachosonga ni zamu ya kufungua milango.

Tunayajua haya kutokana na ngisi. Ana uzi wa neva mnene hata kufikia milimita 1, na mwaka 1939, huko Plymouth, Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliweza kupenyeza kipimo ndani yake. Vita vikawakatiza. Mwaka 1952 walichapisha milinganyo ya milango hiyo, ambayo Huxley aliikokotoa kwa mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Hesabu ilitabiri kasi ya mita 18.8 kwa sekunde. Neva yenyewe ilikuwa imepimwa mita 21.2. Kukaribia hivyo, wakati hakuna aliyekuwa ameiona milango hiyo, ni jambo linalonisisimua hadi leo. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1963.

Sasa turudi mguuni. Nyuzi za mguso ni nene na zimevikwa tabaka za mafuta ziitwazo myelini, zenye mianya midogo. Milango hufunguka kwenye mianya tu, kwa hiyo ishara huruka kutoka mwanya hadi mwanya na kufika kwa kasi ya mita 30 au zaidi kwa sekunde. Nyuzi za mchomo mkali zina myelini nyembamba, nazo huchelewa kidogo. Za uchungu wa kuwaka ni nyembamba mno na hazina myelini kabisa. Kasi yao ni kati ya nusu mita na mita 2 kwa sekunde. Kutoka kidoleni hadi uti wa mgongo ni karibu mita 1. Habari ziliondoka pamoja, za mguso na mchomo zikatangulia, za kuwaka zikabaki njiani.

Daktari wa meno anapokudunga sindano ya ganzi, anaziba milango ile ile ya sodiamu. Nyuzi nyembamba za maumivu ndizo huelekea kuzimika kwanza, ndiyo maana jino hung'olewa usisikie uchungu, ilhali unahisi waziwazi mkono wake ukisukuma na kuvuta.